Bosi ana farasi 650, mimi nilicheka ndani ya Altezza: nimedanganyika?

"Mukubwa, jambo. Nina miaka 31, nafanya kazi mgodini upande wa Kolwezi, familia iko hapa Lubumbashi. Mwezi uliopita bosi wangu alinipa volani ya Porsche 911 Turbo S yake, tukatoka nayo mjini mpaka njia ya Likasi. Sikatai, ilinikandamiza kwenye kiti mpaka pumzi ikakatika. Lakini baada ya mara tatu nne nikazoea, na njia iliyobaki yote nilikuwa na woga tu: mashimo, malori, askari wa barabarani. Wiki iliyofuata rafiki yangu wa Kampemba aliniazima Toyota Altezza yake ya 1999, bwati ya mkono, nikatoka nayo Jumapili asubuhi mapema. Nilirudi nacheka peke yangu kama kichaa. Wenzangu wanasema hiyo ni furaha ya maskini, kwamba gari siijui. Nina dola 9,000. Ninunue ya namna hii sasa, ao nivumilie miaka mingine nichangie gari ya kweli? Na nikinunua, wananiambia niiwekee turbo, niishushe chini, nifunge tairi pana. Wanasema kweli?"

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma mara mbili, na kilichonishika si zile dola 9,000. Ni pale uliposema ulikuwa na woga. Wenzako wanadhani ulishindwa kuijua Porsche. Mimi naona uliisoma vizuri sana: ulikaa ndani ya mashine iliyotengenezwa kwa njia ambayo hatuna, ukaiendesha kwa sehemu yake ndogo kabisa, na mwili wako ukakuambia ukweli kabla ya akili kuukubali. Nimekaa chini ya magari zaidi ya miaka ishirini, ya maskini na ya matajiri, na cheko ulilorudi nalo Kampemba nalijua. Lina sababu zake, na si za kimasikini.

Tuanze na nguvu, maana ndiyo watu wanaanza nayo. 911 Turbo S ya kizazi kilichotoka 2020 inatoa farasi 650 (farasi ndiyo kipimo cha nguvu ya injini) na inafika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 2.7. Umewahi kuhesabu sekunde 2.7? Sema jina lako kamili na la baba yako, zimeisha. Baada ya hapo uko kwenye kilomita 100, lori la shaba liko mbele, na kazi iliyobaki ni kuachia mafuta. Ulichokisikia mgongoni ni kitu cha kweli, lakini wewe hukukifanya. Ulikanyaga tu, wengine wote ndani ya gari wakafanya kazi: kompyuta, turbo mbili zinazosukumia injini hewa, magurudumu manne yanayosukuma. Na bwati yake inabadilisha yenyewe, hakuna ya ambreyaji ya mguu kwenye Turbo S, kwa hiyo hata mguu wako wa kushoto ulikuwa abiria. Mwili unazoea msukumo haraka sana, ndiyo maana mara ya nne haikuwa kama ya kwanza. Kazi ya mikono na miguu, yenyewe, hauizoei hivyo, kwa sababu kila siku unaweza kuifanya vizuri kidogo kuliko jana.

Altezza ile, kama ni ya aina ya RS200 yenye bwati ya mkono, ilitoka kiwandani na farasi 210, zinazopatikana juu kabisa, kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Na tena, hapa Lubumbashi tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Kwa hiyo rafiki yako hana 210, ana kama 190, kama injini yake bado ina afya. Na bado ulicheka! Maana yake ni kwamba farasi hazikuwa ndizo zilizokuchekesha.

Kilichokuchekesha ni kwamba uliitumia yote. Kwenye Altezza hiyo, vitesi ya pili inaishia karibu na kilomita 100 kwa saa. Unaanza na ya kwanza, unavuta mpaka injini inalia, unabadilisha, unavuta tena, unasikia ile sauti ya juu, na bado haujafanya kitu cha kukupeleka kwa askari ao kaburini. Sasa chukua Porsche nyingine, ile 718 Cayman GT4, ambayo kwa bahati ina bwati ya mkono: vitesi ya pili peke yake inapita kilomita 120. Ukitaka kusikia injini hiyo inaimba mpaka mwisho, ni lazima uwe tayari umevunja sheria, na vitesi nne bado haujazigusa. Ni kama kununua ngoma ambayo hauruhusiwi kuipiga isipokuwa kwa kidole kimoja.

Halafu kuna kona, na hapa naomba univumilie kwa hesabu kidogo, kwa sababu watu wengi hawajawahi kuonyeshwa. Mwendo ambao gari inaweza kuupeleka ndani ya kona unategemea mshiko wa tairi na ukubwa wa kona. Farasi hazimo, na kwa kiasi kikubwa hata uzito haumo. Chukua kona ambayo nusu kipenyo chake ni mita 40. Tairi nzuri ya kawaida inashika kwa nguvu inayofika kama asilimia 90 ya uzito ulio juu yake. Piga hesabu, utapata kilomita 68 kwa saa. Tairi ya bei kali, kwenye gari iliyotengenezwa kwa ajili yake, tuiwekee asilimia 110: utapata kilomita 75. Marekani, Turbo S ya 2021 ilianzia juu ya dola 200,000. Kwenye kona hiyo, pesa zote hizo zimekununulia kilomita saba.

Na hizo saba ukizitumia vibaya haziongezi furaha, zinaongeza tu adhabu ya kukosea. Ngoja nikueleze kitu ambacho nadhani mikono yako ilikijua Jumapili ile. Tairi ya mbele inapoingia kona haigeuki kama gurudumu la mti. Mpira unajipinda pale unapogusa lami, na kujipinda huko kunazaa nguvu inayotaka kuirudisha volani katikati. Kadiri unavyoingia zaidi, volani inakuwa nzito mkononi. Lakini kabla tairi haijaachia, nguvu ile ya kurudisha inaanza kupungua kwanza, na volani inakuwa nyepesi ghafla kidogo, kama mtu aliyekuwa anavuta kamba upande wa pili amelegeza mkono. Hiyo ndiyo salamu ya tairi: bado kidogo, mukubwa. Kwenye tairi nyembamba ya kawaida salamu hiyo inakuja mapema, polepole, na kwenye mwendo ambao bado una nafasi ya kujibu. Kwenye tairi pana ya mbio inakuja umechelewa, uko na mwendo mkubwa zaidi, na nafasi ya kujibu ni fupi. Volani ya Altezza inasaidiwa na mafuta ya presha, si mota ya umeme, na mimi (hapa ni maoni yangu, wengine watabisha) nasikia salamu hiyo vizuri zaidi kwenye za mafuta.

Wajapani walilijua jambo hili na wakaliuza. Mazda walipoonyesha MX-5 Chicago mwaka 1989, ilikuwa na injini ya lita 1.6, farasi kama 115, na uzito chini ya kilo 1,000. Wana msemo wao, jinba ittai: mpanda farasi na farasi wake mwili mmoja. Farasi 115 tu, na kufika 2016 walikuwa wametengeneza milioni moja. Toyota nao, walipotoa 86 mwaka 2012, waliifunga tairi za aina iliyokuwa inafungwa kwenye Prius, gari ya kuokoa mafuta! Watu walicheka. Lakini mhandisi mkuu wake, Tetsuya Tada, alitaka hivyo kusudi: mshiko mdogo, ili dereva wa kawaida, kwenye njia ya kawaida, afike pale ambapo gari inaanza kuongea.

Uzito nao una neno lake. Turbo S ina kilo kama 1,640, Altezza kama 1,340, MX-5 ile ya kwanza haifiki 1,000. Gari nzito inaweza kufanywa ishike vizuri, lakini ni lazima ifungwe chuma kigumu, freni kubwa, tairi pana, na vyote hivyo vinaongeza uzito tena na vinaziba masikio ya mikono yako. Gari nyepesi inaweza kuwa na springi laini na bado ikatii. Ukigusa freni kidogo kabla ya kona, pua inashuka, uzito unahamia tairi za mbele, zinashika zaidi, unageuza. Unaliona jambo linavyotokea. Ndilo linalofundisha.

Sasa, nisikudanganye upande wa pili. Kuna vitu gari ya bei inafanya ambavyo yako haitafanya kamwe. Freni zake zinasimamisha mara kumi mfululizo bila kuchoka. Altezza ya 1999 yenye freni za kawaida, ukiibana sana mara tatu nne, pedali inaanza kulegea. Ukikutana na kitu barabarani kwenye kilomita 120, ningependa uwe kwenye ya bosi. Mabodi ya kisasa yanalinda watu kwenye ajali kwa namna ambayo gari ya zaidi ya miaka ishirini na tano hailindi, na wewe una familia, hilo liweke mezani. Sauti, ngozi, harufu ya ndani, watu wanaogeuka kukutazama pale mtaa wa Golf: kama hivyo ndivyo vinavyokufurahisha, si dhambi, lakini jua unalipia hivyo na si kona.

Mimi mwenyewe nililipia. Miaka kadhaa nyuma nilinunua gari ya nguvu ya Ulaya, jina nalificha, farasi zaidi ya 400, bei nzuri mno. Amortisa zake zilikuwa za elektroniki. Moja ilikufa, nikaambiwa lazima zitoke mbili, na zije kutoka nje. Gari ilikaa kwenye mawe mbele ya nyumba yangu wiki kumi na moja. Watoto wa jirani waliandika majina yao kwenye vumbi la kapoti. Niliiuza kwa mtu mwenye subira kuliko mimi. Hapo ndipo nilielewa kwamba furaha ya gari inahesabiwa pia kwa siku ambazo iko barabarani.

Kwa hiyo jibu langu ni nunua sasa, lakini usizitoe 9,000 zote kwenye gari. Acha angalau 2,500 pembeni, na usizipe turbo.

Turbo kwanza, maana ndiyo itakayokumaliza. Injini ya RS200 ya bwati ya mkono ina mgandamizo wa 11.5 kwa 1, yaani pistoni inabana hewa mpaka ibaki sehemu moja ya 11.5. Hiyo ni juu tayari. Ukiisukumia hewa ya turbo, mchanganyiko ndani ya silinda unawaka wenyewe kabla ya wakati wake, kwa mishindo, na kila mshindo ni nyundo juu ya pistoni. Anayejua kazi atashusha mgandamizo, atabadilisha pistoni, ataweka kompyuta mpya na kuipanga upya, na mwisho utakuwa umetumia bei ya gari ya pili. Asiyejua atakufungia kwa siku mbili. Na esansi unayoinunua kwenye bidoni kando ya njia, ni nani anajua imechanganywa na nini?

Kuishusha chini: springi ina safari yake ya kwenda juu na chini. Ukiikata, safari inakuwa fupi, na katikati ya kona, pale njia inaponyanyuka kidogo, amortisa inagonga kwenye kizuizi chake cha mpira. Dakika hiyo upande ule unakuwa mgumu kama jiwe, na tairi inaruka. Wanaiita gari ya mbio, mimi naiita gari inayoogopa dodani. Kwa njia zetu, sentimita ulizopewa na kiwanda usizirudishe.

Tairi pana nimeshazigusa. Ongezea hili: njia ambazo malori ya madini yanapita zina mifereji miwili ya tairi za lori, na tairi pana ya ukuta mfupi inaifuata mifereji hiyo kama treni, volani inakuvuta huku na huku. Na shimo moja la usiku linapasua rimu ya inchi 18. Shuka mpaka inchi 16 kama freni zinaruhusu, tafuta tairi mpya za jina zuri zenye ukuta mrefu, zote nne sawa. Hapo utapata furaha zaidi kuliko kwenye farasi 100 za nyongeza. Pesa inayobaki iende kwenye amortisa nne mpya, silenbloki (mipira inayoshika vyuma vya chini ya gari) zote za mbele na nyuma, mafuta ya freni mapya (yanavuta maji ya hewani, baada ya miaka miwili yabadilishe hata kama hayajapungua), na mkanda wa taiming, kwa sababu injini hii ina mkanda, si cheni, na ukikosa ushahidi kwamba ulibadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa. Gari nyingi watu wanazoziita "zimezeeka" ni silenbloki tu. Nimeona mwenye gari anakaribia kulia baada ya kubadilishiwa za mbele: alidhani nimembadilishia volani.

Kuna mambo mawili yanayonifanya nipunguze sauti kidogo.

La kwanza ni volani ya kuume. Altezza zinatoka Japani, na sisi tunapita kulia. Kwenye kona na kwenye vitesi haina shida, unazoea siku mbili. Shida ni kupita lori kwenye njia ya Likasi ao ya Kasumbalesa: umekaa upande wa majani, haumuoni anayekuja. Usimuulize abiria "niende?" Hata akiwa mke wako, macho yake hayapimi mwendo kama yako. Baki nyuma mbali, uachie nafasi mpaka uone mbele ya lori zima kwa macho yako, ama usipite. Nimezika mteja mmoja kwa sababu ya hili na sitaki wa pili. Na kama unafikiria kuagiza mwenyewe badala ya kununua iliyo hapa, nenda kwanza duane uulize kuhusu umri wa gari na volani ya kuume, kabla haujatuma hata dola moja, kwa sababu kanuni hizo hubadilika.

La pili ni mvua. Gari hii inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Mvua za kwanza, mwezi wa kumi na moja hivi, zinachanganya vumbi letu jekundu na mafuta ya miezi yote ya kiangazi, na lami inakuwa sabuni. Ukikanyaga mafuta katikati ya kona, mkia unataka kukupita. Usijifunzie hilo barabarani. Tafuta uwanja mpana uliofungwa, kwa ruhusa ya mwenyewe, maji kidogo chini, kilomita 30 kwa saa, na mtu anayejua kando yako. Saa moja hapo ni bora kuliko mwaka wa kujisifu. Kama haumpati mtu huyo, njoo garajini tuongee. Haya hayafundishwi kwa maandishi.

Vilevile kuna dalili ambazo ukizisikia usiniandikie, peleka gari kwa mkono wa mtu siku hiyohiyo: pedali ya freni inayozama polepole ukiwa umesimama, volani inayotetemeka ukifunga freni, gari inayovuta upande mmoja, ao mlio wa "tok" mbele unapogeuza ukiwa mahali. Huo wa mwisho mara nyingi ni rotule, kiungo kinachoshika gurudumu la mbele, na rotule ikichomoka gurudumu linalala.

Ukipata ya kununua, usiende nayo peke yako kwa sababu ya mapenzi. Lipa fundi asiyemjua muuzaji, inyanyuliwe juu, ashike gurudumu la mbele juu na chini alitikise, halafu kushoto na kulia. Wewe weka mkono nyuma ya gurudumu usikie kama kuna kitu kinacheza. Tazama kama chini kuna mshono wa kuchomelea usio wa kiwanda: Altezza nyingi zimeshapigwa na kijana kama wewe. Soma ubavuni mwa tairi tarakimu nne za mwisho za mstari unaoanza na DOT. Zikisema 2319, tairi ilizaliwa wiki ya 23 ya 2019, hata kama meno yake yanang'aa. Na mwambie muuzaji unakuja saa nne, halafu fika saa mbili. Kabla ya salamu ndefu, weka kiganja juu ya kapoti. Ikiwa baridi, mwombe awashe mkiwa wote mnasikiliza. Ikiwa ya moto, muulize ameipasha kwa nini.